Ua wa Minyaa Nilioukata Mbeya

Kihesa, Iringa
Jumapili, baada ya ibada

Mwanangu Elia,

Umetoka hapa sasa hivi kwenda kumuaga bibi yako, na umesema utarudi kabla jua halijazama. Basi nina saa tatu, labda nne kama bibi atakung'ang'ania ule kwanza. Nimefunga mlango wa chumba cha mbele, jambo ambalo sijawahi kulifanya mchana, na nimekaa mezani na kalamu yako ya shule kwa kuwa yangu imekauka wino. Mwandiko ukiuona umepinda usishangae. Naandika haraka.

Mambo ya safari amekwisha kukueleza mama yako: blanketi, chakula cha njiani, mahali pa kuficha barua ya kazi, na kwamba usishuke ovyo basi likisimama Chimala. Sitayarudia. Yeye anayajua kuliko mimi.

Mimi nina jambo moja. Wiki nzima nimetaka kukuambia kwa mdomo nikashindwa. Jumatano nilikuita kule kisimani, ukaja, nami nikakuuliza kama umefunga vizuri viatu vyako kwenye sanduku. Uliniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Ndipo nikajua kwamba nikisema uso kwa uso nitasema uongo tena, kwa sababu ulimi wangu umeuzoea uongo huu miaka minane. Karatasi haijauzoea.

Unakumbuka siku uliyotusomea barua ya kazi ya Mbeya. Ulisimama hapo mlangoni ukasoma kwa sauti, mama yako akapiga vigelegele. Kisha ukafika pale palipoandikwa kwamba kazi yako ya kwanza itakuwa kukata ua wa minyaa unaozunguka nyumba, ambao umezidi kimo. Ukacheka. Ukasema, "Hiyo, Baba, naiweza hata nikifumba macho."

Nikatoka nje. Mama yako akakuambia tumbo linaniuma. Tumbo langu lilikuwa zima.

Alinifuata nyuma ya nyumba akanikuta nimeegemea ukuta. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Umemfundisha kushika panga miaka sita. Hujamwambia panga lako lilifanya nini."

"Nitamwambia."

"Lini? Basi likishawashwa? Usipomwambia wewe, Baba Elia, nitamwambia mimi. Na mimi nitamwambia vibaya, maana sikuwepo."

Basi sikiliza.

Unajua kwamba nilifanya kazi Mbeya, kwa Bwana mmoja Mzungu, wewe ukiwa na miaka kumi hivi. Unajua kwamba nilirudi ghafla, na niliwaambia wote kwamba Bwana amehamishwa, nyumba imefungwa, kazi imekwisha. Hayo si kweli. Bwana hakuhamishwa. Nilikimbia.

Bustani ile tulikuwa watu wawili. Mwenzangu aliitwa Asajile, Mnyakyusa wa kutoka Tukuyu, mtu mzima kunizidi, mrefu, mpole, mwenye kucheka bila sauti. Alikuwa amefanya kazi katika nyumba ile tangu kabla ya vita kuu ya pili, kabla hata ya Bwana huyu kuja. Ua wa minyaa ulioizunguka aliupanda yeye kwa mikono yake. Aliniambia alichomeka vijiti vya urefu wa mkono, vikashika vyote isipokuwa vitatu. Mimi nilipofika sikujua kupanda hata waridi. Yeye ndiye aliyenifundisha. Kila ninachokijua kuhusu bustani, na kila nilichokufundisha wewe, kimetoka kwa mtu huyo. Nilipokuwa nakuambia, "Panga butu ndilo linalokata mtu," hayo yalikuwa maneno ya Asajile, nami sikukutajia jina lake hata siku moja.

Lakini mimi nilikuwa nimesoma shule ya misheni. Nilijua kuandika, na Kiingereza cha kubabaisha. Basi Bwana akanifanya mimi nyapara. Asajile alicheka kicheko chake kile akasema, "Vema, Zakaria. Sasa wewe utaongea na Bwana, mimi nitaongea na miti." Hakuwa na kinyongo. Kinyongo nilikuwa nacho mimi. Unaweza kushangaa, mtu aliyepandishwa cheo ana kinyongo cha nini? Ni kwamba kila nilipotoa amri nilimtazama kwanza usoni kuona kama nimekosea. Nilimchukia kwa ajili hiyo.

Mwaka ule nyumba ilikuwa imekaa bila mwenyewe kwa muda mrefu, Bwana akiwa likizo kwao. Alirudi peke yake, mkewe akiwa njiani nyuma yake. Ua ulikuwa umefika kwenye ukingo wa paa. Upande wa barabara ulikuwa umelala kiasi kwamba gari lilipita likikwaruzwa. Ilikuwa Machi, mvua za Mbeya unazisikia tu, hujaziona: asubuhi mvua, mchana mvua, usiku mvua tena. Bwana akasema Memsahibu atafika Jumamosi, naye anataka bustani iwe safi. Alitupa wiki nzima.

Wiki nzima, mwanangu. Na siku nne za mwanzo nilizimaliza kwenye maua na kwenye changarawe za njia ya gari, kwa sababu vitu hivyo vinaonekana upesi na vinasifiwa upesi. Ua niliuacha kwa kuwa niliuogopa. Kazi unayoiogopa usiiache iwe ya mwisho. Mimi niliiacha ikawa ya mwisho, na Ijumaa asubuhi nikajikuta nina siku moja.

Asajile alikuja na kofia yake pana na koti la gunia. Akaupapasa mti wa kwanza kwa ubapa wa panga, kwa upole, kama anayempapasa ng'ombe. Maziwa, ule utomvu mweupe unaochoma, yakatoka kabla hajakata kitu.

Akasema, "Zakaria, mnyaa haukatwi hivi. Mvua imenyesha usiku kucha, miti imeshiba. Ukiigusa inatema. Kazi hii ni ya kiangazi, baridi ikishapita, miti ikiwa imelala."

"Memsahibu anafika kesho."

"Basi tukate panapoziba barabara tu. Tuanze juu, matawi membamba, kidogo kidogo, upepo ukiwa migongoni mwetu. Yaliyobaki tungoje. Na tuweke madebe mawili ya maji hapa hapa, karibu."

Maji yalikuwa kwenye pipa, upande wa pili wa nyumba, karibu na jiko. Kwenda na kurudi ni mwendo wa dakika chache. Nikamwambia tutapoteza muda.

Akauliza, "Muda wa kuleta maji?"

"Nyapara ni nani?" nikamuuliza.

Alinitazama. Hadi leo nikiwa nimekaa peke yangu naona vile alivyonitazama, na macho yake yote mawili yalikuwa mazima.

"Ni wewe," akasema.

"Basi shika kamba."

Maana nilikuwa na akili yangu mwenyewe. Nilikuwa nimewaza usiku nikaona kwamba kukata kwa juu, tawi kwa tawi, kutachukua siku tatu. Lakini tukifunga kamba ya katani juu ya mti, Asajile akavuta kuelekea uwanjani, nami nikakata shina chini, usawa wa magoti, mti mzima utaanguka mara moja. Miti ishirini, labda thelathini, kufika jioni tumemaliza. Nilijiona mwerevu sana. Asajile alikataa kwa kichwa, lakini akashika kamba. Angeweza kukataa kabisa. Nimejaribu mara nyingi kulitafuta kosa lake nikalipata hilo tu, kwamba alinitii.

Mti wa kwanza ulianguka vizuri. Wa pili vizuri. Wa tatu ulinirushia maziwa mkononi, nikayafuta kwa kitambaa nilichokuwa nimekifunga kiunoni, kile kile nilichokuwa nafutia panga. Nikamwambia Asajile, "Umeona?" Akafungua kamba, akaenda kuifunga kwenye mti uliofuata.

Wa nne ulikuwa na shina nene kama paja, na juu umegawanyika panda. Upepo nao ulikuwa umegeuka. Nilisikia ubaridi kwenye shavu la upande mwingine, nikajua umegeuka, na nikaendelea kukata. Nilipofika katikati shina likapasuka lenyewe kwa kishindo. Halikuanguka tulikotaka. Lilijisokota, panda moja ikaja moja kwa moja juu ya Asajile, naye alikuwa amejizungushia kamba mkononi, hakuweza kuiachia upesi. Kofia ikaruka. Matawi yakavunjika juu ya uso wake. Umewahi kuona kuku akichinjwa, jinsi damu inavyoruka? Ilikuwa hivyo, ila kilichoruka kilikuwa cheupe.

Hakupiga kelele. Alisimama amefumba macho, uso mzima mweupe, akanyoosha mikono mbele. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Zakaria, maji."

Maji yalikuwa upande wa pili wa nyumba.

Sasa hapa ndipo nilipotaka kukuficha, hata katika karatasi. Nimeweka kalamu chini mara mbili. Sikukimbilia maji. Nilichomoa kile kitambaa cha kiunoni, kilicholowa maziwa ya miti mitatu, nikamshika kichwa kwa mikono yangu miwili iliyolowa maziwa hayo hayo, nikampangusa macho. Nilipangusa kwa nguvu. Niliyasugua, la kushoto kisha la kulia, huku nikisema, "Pole, kaka, pole, kaka." Hapo ndipo alipopiga kelele.

Nilimshika mkono nikampeleka kwenye pipa. Nikammwagia maji usoni kwa kata, mara mbili, tatu. Alisema, "Endelea, endelea kumwaga, usiache." Nami nikatazama nyuma nikaona mti umelala katikati ya njia ya gari, nusu umekatika, nusu haujakatika, na mawingu yanakuja. Nikamkalisha chini ya upenu wa jiko. Nikamwambia, "Yatapoa." Nikarudi kukata.

Soma tena hapo, Elia. Nilirudi kukata. Nilikata labda saa nzima, na muda wote huo nilimsikia. Alikuwa anaongea peke yake kwa Kinyakyusa. Nadhani alikuwa anasali. Mpaka mpishi akatoka jikoni akanifuata na kunishika bega. "Wewe, una moyo gani? Mtu anapofuka pale, wewe unakata majani?"

Tulimpeleka zahanati tukimshika mikono huku na huku. Mganga wa pale, Mwafrika mwenzetu, mtu wa haraka na mwenye mkono mwepesi, alimlaza akamfungua kope, akaanza kumwagia maji safi, chupa moja baada ya nyingine, pole pole, kutoka upande wa pua kwenda nje. Hakuacha kwa muda mrefu sana. Nilisimama pale nikitazama jinsi kazi inavyofanywa, na ilikuwa ni maji tu. Maji yale yale tuliyokuwa nayo kwenye pipa.

Alipomaliza akaniuliza mimi, si Asajile, "Haya macho yamesuguliwa. Nani aliyempangusa?"

Nikaficha mikono yangu nyuma ya mgongo.

Asajile akasema akiwa amelala pale, "Ni mimi mwenyewe. Nilichanganyikiwa."

Mganga akatingisha kichwa. "Ukipatwa na maziwa ya mnyaa, maji, na maji tena, na usiguse. Ungeacha kusugua, tungekuwa tunaongea habari nyingine."

Hivyo ndivyo mtu yule alivyonifanyia. Macho yakimwaka moto, kichwa kimefungwa kitambaa, alinifunika.

Jumamosi Memsahibu akafika. Nilikuwa nimemaliza upande wa barabara peke yangu kwa taa ya chemli mpaka vidole vikavimba. Alishuka garini akatazama ule uwazi niliouacha. Nilisimama wima nikingoja. Akasema kitu kwa Bwana, nami Kiingereza changu kilitosha kukielewa. Alisema, "Mbona mmeukata? Ulikuwa unatukinga na vumbi."

Ndipo nilipojua kwamba sikumuuliza Bwana hata mara moja kama tunaweza kungoja. Wiki nzima. Nilijijibu mwenyewe kwa niaba yake, halafu jibu lile nikalifanya amri.

Jumatatu Asajile alikuja akiongozwa na mkewe, Atupele. Macho yote mawili yamefungwa. Bwana akatoka barazani. Akaniuliza imekuwaje hata mtu akaumia katika kazi ambayo yeye hakuagiza ifanywe kwa haraka. Alikuwa amekunja uso. Nikaona cheo changu kinaondoka. Nikaona nyumba hii ya Kihesa, ambayo wakati ule ilikuwa kuta tu, haina paa. Nikakuona wewe na sare ya shule. Nakuambia ili ujue niliona nini, wala sisemi kwamba ni sababu. Na nikasikia sauti yangu ikisema:

"Bwana, nilimkataza. Alikuja amelewa. Akaanza kukata kabla sijafika."

Bwana akamgeukia. "Asajile, Zakaria anasema ulikuwa umelewa."

Atupele akaruka. "Mume wangu? Huyu hajaonja pombe tangu aingie kanisani! Zakaria, wewe umekula kwangu! Sema, mume wangu. Sema!"

Asajile aligeuza uso wake kuelekea mahali nilipokuwa nimesimama. Hakuweza kuniona, lakini alinielekea sawasawa. Kisha akasema, "Kama Zakaria amesema."

Hayo tu. Akamshika mkewe bega wakaondoka. Njia ile ya gari ni ndefu, na mkewe alikuwa analia kwa sauti, yeye akimwambia polepole, "Nitazamie mawe, mama. Nitazamie mawe."

Jicho la kulia lilirudi baada ya kama mwezi, si lote. La kushoto likafunikwa na weupe, likabaki hivyo. Niliyasikia kwa watu, sikwenda kumwona. Na ule ua, kama unataka kujua, nao niliuua. Mashina makubwa niliyoyakata chini kwa mara moja yalioza kwa maji ya mvua. Madogo yalichipua hovyo kama nywele za mtu mwenye homa. Palibaki mapengo ambayo mbuzi wa jirani walipita. Kila asubuhi nilipita kwenye mapengo yale. Kiangazi kilipofika sikuweza tena, nikaondoka bila kuaga.

Sasa utaelewa siku ile nilipokupiga.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nakata minyaa ya jirani yetu, nawe ukaja nyuma yangu kimya kimya ukiwa umebeba kibuyu cha maji, kwa mapenzi yako mwenyewe, ili baba yako anywe. Niligeuka nikakuona umesimama chini ya tawi. Nilikupiga kofi mpaka ukaanguka, kibuyu kikapasuka. Hukulia. Uliokota vipande ukaenda nyumbani, na kwa wiki nzima hukuniita Baba. Mama yako alinibana usiku ule mpaka nikamwambia yote, yeye peke yake. Lakini wewe nilikuacha uamini kwamba ulikosea. Hukukosea. Maji ndiyo kitu kilichohitajika mahali pale. Nilikupiga kwa sababu niliogopa, na nilikuacha na uchungu huo kwa sababu kueleza hofu yangu kungefungua habari nyingine. Nisamehe. Neno hili ningelisema miaka sita iliyopita lingekuwa na uzito zaidi.

Nasikia mtu anapiga hodi. Nimeificha karatasi chini ya Biblia. Ni jirani, anataka kuazima shoka, mama yako amempa. Jua limeshafika kwenye mgomba.

Sasa kuhusu ua wako. Sijauona, kwa hiyo siwezi kukuambia uukate vipi. Lakini kabla ya kutoa panga, uzunguke mzima siku ya kwanza mikono mitupu. Chungulia ndani. Ua ulioachwa muda mrefu una wenyewe: nyuki, manyigu, nyoka aliyejipatia kivuli, ndege wenye makinda. Kwenye ua wa michongoma pale shuleni nilikata siku moja nikakuta kiota kikiwa na makinda wanne, na sikujua niwarudishe wapi. Ndege ukiwakuta, ngoja. Wataruka wenyewe, nao ua hautakimbia.

Kwa bahati wewe unakwenda wakati mzuri. Tuko Agosti, baridi inakwisha, ardhi kavu, minyaa imelala. Hata hivyo itakuwa na maziwa. Usiende na wazo langu la kumaliza kwa siku moja. Kata juu, theluthi ya kimo, kisha uache ua upumue, mwakani tena. Chini uache uwe mpana kuliko juu ili jua lifike miguuni. Ngazi iwe na mtu wa kuishika, na mtu huyo asisimame chini ya tawi unalolikata. Maji yawe pale pale. Ukiambiwa unapoteza muda, poteza. Mikono yako ukishaanza kazi usiilete usoni hata jasho likikuingia machoni, na wala usiyachome matawi, moshi wake nao ni mbaya.

Na Bwana wako akikuambia ukate mvua ikinyesha, utamjibu nini? Hapa sina jeuri ya kukufundisha. Mimi ni mtu niliyeishi nikisema ndiyo kabla sijaulizwa. Najua hali yetu, najua kijana mgeni hana sauti mbele ya mwenye nyumba. Lakini uliza. Uliza tu, "Bwana, kuna haraka?" Nimekaa miaka minane nikifikiri juu ya swali hilo dogo ambalo halikutoka kinywani mwangu.

Ukipewa mtu wa kufanya naye kazi, akikuambia "tusubiri", jiulize kwanza kwa nini neno lake limekuudhi. Mimi liliniudhi kwa sababu lilikuwa kweli.

Limebaki la mwisho, na jua linashuka.

Mwaka juzi nilikwenda Mbeya kwa msiba, unakumbuka, nilipanda lori la mahindi. Lori likasimama Uyole. Nikashuka kujinyoosha, nikamwona. Alikuwa amekaa kwenye gunia karibu na gulio, amepanga miche mbele yake ndani ya makopo: misindano, mikaratusi, waridi. Mvi zimeingia. Mtu alikuwa anamwuliza jambo, naye alikuwa amegeuza kichwa ili amtazame kwa jicho la kulia, na alikuwa anacheka kile kicheko chake kisicho na sauti. Tulitengana hatua kama thelathini.

Nilijificha nyuma ya lori. Mtu mzima, mzee wa kanisa, nilichutama nyuma ya gurudumu mpaka dereva akapiga honi.

Wiki hii yote nilikuwa na mpango. Nilitaka kukuomba wewe, kwa kuwa utakuwa karibu, uende siku moja Uyole umwambie kwamba baba yako anaomba radhi. Nilikuwa nimeuandika hata ujumbe wenyewe. Nilipomwonyesha mama yako jana, aliusoma, akaukunja, akanirudishia. Akasema, "Jumatatu ile alisimama pale akiwa hakuoni. Leo unataka umpelekee mtoto, ili tena asikuone?"

Sikulala.

Mwanangu, usimtafute. Si kazi yako, na mzigo huu si wa kutwikwa mtu anayeanza maisha. Barua hii utaipata kesho asubuhi, ndani ya kofia yako, na utaisoma kabla hatujatoka. Ukitaka kuninyamazia njia nzima, ninyamazie. Utaona nimevaa koti la kanisani, na usidhani nimelivaa kwa ajili ya kukusindikiza kituoni. Mama yako amenipatia nafasi kwenye basi lako. Tutapita Chimala pamoja. Basi likisimama Uyole, wewe baki kwenye kiti chako, usinifuate wala usitoe kichwa dirishani, endelea na safari yako mpaka Mbeya.

Mimi nitashuka.

Baba yako,
Zakaria